UZI: Kukodi gesti ndogo Lamu na kuiendesha ukiwa ng'ambo

Mkaazi_wa_Nje (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum wanajamvi. Kuna nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, Lamu mjini, ghorofa mbili na paa la makuti juu, vyumba 8, tayari inafanya kazi kama gesti. Mwenye nyumba anataka kodi ya KSh 120,000 kwa mwezi, mkataba wa miaka 5 na miezi 3. Mpangaji anayeondoka naye anadai kilemba cha KSh 1,500,000, kwamba ni thamani ya vitanda, friji, jenereta na ukurasa wa Booking.com. Atakayekodi anaishi Muscat na atafika Lamu Desemba na Agosti tu. Wenye ujuzi naomba mseme: nini kichunguzwe kabla pesa haijatoka, na nyumba inaendeshwaje kutoka mbali bila kuliwa? Pia kuna wanaoshauri kununua kabisa badala ya kukodi.

Sheria_Mkononi

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Kabla ya kodi, kilemba wala rangi ya ukuta, uliza hili: anayekupa mkataba ana haki ya kuutoa?

Nyumba nyingi za mawe za Lamu ni za mirathi. Jina kwenye hati ni la babu aliyefariki, warithi wametawanyika Lamu, Mombasa na Uarabuni, na anayekodisha ni yule anayekaa karibu na mlango. Saini yake haiwafungi ndugu zake. Siku dada aliyeko Jidda akirudi na kudai fungu lake, mkataba wako unabaki karatasi. Dai hukumu ya mirathi ya mahakama ya Kadhi inayotaja warithi wote, kisha kila mrithi mtu mzima atie saini au atoe hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Wapo wanaoona aibu kuomba hayo kwa watu wenye heshima zao. Wakili wako ndiye aombe, ndiyo kazi yake.

La pili ni wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi, basi. Kukodi kunawezekana, lakini kupitia msimamizi wa wakfu na Kamisheni ya Wakfu iliyoko Mombasa, si kwa makubaliano ya barazani.

La tatu ni nyumba kutenganishwa: ghorofa ya chini ni ya huyu, ya juu ni ya yule, au nyumba ina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Sechi ya ofisi ya ardhi, yaani upekuzi wa rekodi zao, itakuonyesha ardhi tu. Ghorofa utaijua kwa majirani na wazee wa mtaa, kwa hiyo tuma mtu akaulize baada ya swala, nyumba kwa nyumba.

Sasa hiyo miaka 5 na miezi 3. Haikuchaguliwa kwa bahati. Kenya ina sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, sura ya 301. Upangaji usioandikwa, au ulioandikwa wa muda usiozidi miaka 5, unalindwa na sheria hiyo: mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kupandisha kodi bila notisi rasmi ya miezi miwili, na wewe unaweza kuipinga kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Mkataba ukipita miaka 5, ulinzi huo kwa kawaida unaondoka na linalobaki ni maneno yaliyoandikwa ndani ya mkataba wenyewe. Si sababu ya kuukataa. Ni sababu ya kuusoma mstari kwa mstari, maana hakuna sheria ya kukuokoa pale ulipokosa kuandika.

Yaandikwe haya: kodi itapanda kwa kiasi gani na lini, nani anatengeneza paa na kuta za nje, haki ya kuongeza muda na kwa notisi ya miezi mingapi, na fidia ya matengenezo. Hili la mwisho liwekewe hesabu. Ukitia KSh 3,000,000 kwenye mkataba wa miaka 10, andika kwamba inapungua KSh 300,000 kila mwaka. Mwenye nyumba akiichukua nyumba mwisho wa mwaka wa 4 bila kosa lako, anakurudishia KSh 1,800,000. Bila kifungu hicho, nyumba ikishapendeza ndipo mwenyewe anapokumbuka kuwa mwanawe anaoa.

Mkataba unaozidi miaka 2 usajiliwe. Ushuru wa stempu kwa mkataba unaozidi miaka 3 ni asilimia 2 ya kodi ya mwaka, hapa KSh 28,800. Usipousajili, mnunuzi mpya wa nyumba anaweza kukuambia hakujui.

Kuhusu kununua: yategemea pasipoti. Katiba ya 2010, ibara ya 65, inasema asiye raia hamiliki ardhi ila kwa kukodishwa, tena isizidi miaka 99. Kampuni inahesabiwa ya raia pale tu hisa zote ni za raia. Mke au mume mwenye uraia wa nje akishika hisa moja, kampuni nzima imekuwa ya mgeni. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, lakini aliyeupoteza kabla ya 2010 sharti aombe kuurudishiwa kwanza. Na kwa asiye raia, ardhi ya safu ya kwanza na ya pili kutoka alama ya maji kujaa inataka idhini ya maandishi ya Waziri. Kwa jambo hili la Mkomani, kodi kwanza. Kununua nyumba ya mirathi ukiwa Muscat ni kazi ya miaka.

Fundi_Chokaa

Sheria kamaliza. Mimi niseme nyumba yenyewe.

Atakayekwenda kukagua achukue tochi, bisibisi na kamera ya simu, na aende mchana wa jua kali wakati hakuna mgeni vyumbani. Aanze chini. Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu wa ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa. Mtu akipiga plasta ya saruji juu yake, unyevu unakosa njia, unapanda, na chumvi inaganda nyuma ya plasta. Ukiona ukuta umepakwa rangi ya mafuta au ya plastiki hadi kimo cha kiuno, ujue kuna kinachofichwa. Gonga kwa kifundo cha kidole: plasta iliyoshika inatoa sauti nzito, iliyoachana na ukuta inalia kama debe. Kwangua kidogo nyuma ya kabati. Unga mweupe ukimwagika, hiyo ni chumvi. Dawa yake si kupaka rangi tena. Ni kubomoa saruji yote hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, kuacha ukuta upumue wiki kadhaa, kisha kupiga chokaa kwa mchanga, 1 kwa 3, mchanga usio wa pwani. Kazi hiyo haifanyiki masika.

Halafu tazama juu. Dari za Lamu zinabebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Upana hauzidi sana mita 2.5 hadi 2.8. Boriti haiozi katikati, inaozea pale inapoingia ukutani. Dunga hapo kwa bisibisi. Ikizama bila kusukumwa, mchwa au maji yamekwisha kula. Tazama hasa dari iliyo chini ya bafu la ghorofani. Gesti nyingi zimeongezwa mabafu juu ili kila chumba kiwe na lake: fundi anamwaga zege juu ya boriti, anaweka vigae, baada ya miaka michache kiungo cha bomba kinavuja taratibu. Ukiona doa la kahawia lenye ukingo mweupe, hesabu boriti za kubadilisha kwenye bei. Boriti za mikoko zinataka kibali cha shirika la misitu, na zikifika Mokowe zinavushwa kwa mashua na kubebwa hadi mlangoni. Bei ya fundi wa Mombasa usiitumie Lamu. Mfuko wa saruji, kigae, hata msumari unalipiwa nauli ya maji na ya punda.

Usiruhusu mtu avunje ukuta, atoe kidaka au akate mlango wa nakshi. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na unalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Michoro ya mabadiliko inapitia ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa hapo Lamu pamoja na kaunti. Hata kufuli za kielektroniki mnazozipenda mlio mbali, za kufungulia kwa simu, hazifai milango ile: zinataka kukata mbao. Tumia kitasa cha kawaida ndani na sanduku la chuma chumbani kwa pasipoti na pesa.

Makuti: kuti jema likishonwa kwa kubanana hukaa miaka 5 hadi 7. Uliza lilishonwa lini, na usimame chini yake adhuhuri; ukiona vitone vya jua, muda umekwisha. Moto wa makuti unaruka paa hadi paa, kwa hiyo jiko la gesi lisiwe chini yake hata kama mandhari ni nzuri.

Casuarina_Rd

Kama nyumba si lazima iwe Lamu, fikiria Malindi. Lori linafika mlangoni, maji yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki, mafundi wa mota za kidimbwi na eyakondishena wamo mjini, na soko la Waitaliano limezoea kurudi kila mwaka. Kuisimamia kutoka mbali ni rahisi zaidi kwa sababu kila kitu kina mbadala ndani ya saa moja. Ubaya wake ni ushindani: villa na fleti za kukodisha ni nyingi mno, bei inashuka haraka miezi ya mvua, na kidimbwi peke yake kinataka dawa, umeme na mtu kila siku hata nyumba ikiwa tupu. Lamu mgeni anakuja kwa nyumba na mji; Malindi anakuja kwa ufuo na anaangalia bei.

Mkaazi_wa_Nje

Shukrani nyingi. Pasipoti ni ya Kenya, hilo halina shida. Nyumba inayotazamwa ni ya Lamu tu. Naomba hesabu: vyumba 8 kwa kodi hiyo vinalipa?

Hesabu_Safi

Tufanye mfano, ubadilishe tarakimu ukipata za kweli.

Sema bei ni KSh 6,500 kwa chumba kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Bei hiyo inayoonekana kwenye simu haiingii yote. Mauzo ya mwaka yakifika KSh 5,000,000 ni lazima ujisajili VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na vyumba 8 vitafika. Kwenye 6,500, VAT ya asilimia 16 ni 897, inabaki 5,603. Kamisheni ya mtandao tuseme asilimia 15 ya bei ya mgeni, 975. Ushuru wa utalii asilimia 2 ya 5,603, shilingi 112. Hapo umebaki na 4,516. Toa chakula cha asubuhi cha watu wawili, sabuni, maji ya kunywa na dobi, tuseme 700. Chumba kimekuachia KSh 3,816.

Gharama zinazokuja mgeni awepo asiwepo: kodi 120,000, mishahara ya watu 6 kwa wastani wa 25,000 ni 150,000, umeme, maji na intaneti 45,000, matengenezo, bima na leseni ukizigawa kwa miezi 12, 35,000. Jumla 350,000 kwa mwezi, KSh 4,200,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 3,816: unahitaji usiku 1,101 wa vyumba kuuzwa ndipo usipate hasara. Vyumba 8 kwa siku 365 ni 2,920. Yaani nyumba ijae asilimia 38 kwa mwaka mzima kabla hujaona shilingi, na kabla hujarudisha kilemba.

Sasa itazame kwa misimu. Aprili hadi Juni ni masika na mwanzo wa kusi, bahari imechafuka, gesti nyingi zinafunga. Ukipata asilimia 10 miezi hiyo mitatu, miezi 9 iliyobaki lazima iende karibu 47. Kwa hiyo asikuonyeshe mtu hesabu ya Desemba na Agosti. Omba taarifa za mauzo za miezi 24 zilizotolewa moja kwa moja kwenye ukurasa wa Booking.com, taarifa za till ya M-Pesa, na marejesho ya VAT ya kipindi hichohicho. Vitu hivyo vitatu vikikataana, amini kile kidogo zaidi. Mwenye gesti anayekwambia "mengi yalilipwa keshi, hayamo" amekwambia kwamba hana namna ya kuyathibitisha; usiyalipie kilemba.

Mkiweza kupata nusu ya wageni moja kwa moja, wale wa kurudi, wa Maulidi, wa mikutano ya mashirika, kamisheni inapungua na hesabu inakaa vizuri. Lakini hilo ni kazi ya mwaka wa pili.

BintiShela

Kaka Hesabu kasema vyema. Mimi nizungumzie kuliwa, kwa maana swali lilikuwa hilo.

Gesti ya mwenye kukaa mbali haimalizwi na mwizi wa friji. Inamalizwa na chumba kinachouzwa kimya: mgeni amekuja na mashua jioni, hana bukingi, amelipa keshi, amelala, ameondoka alfajiri, daftari halina jina lake. Kamera peke yake haizuii, kwa sababu hakuna atakayekaa Muscat kutazama saa 24 za ukumbi. Kinachozuia ni kuhesabu vitu ambavyo chumba kikilala mtu lazima vitumike.

Dobi ndiye shahidi wa kwanza. Kila chumba cha watu wawili kinatoa shuka 2, foronya 2, taulo 2. Dobi asiwe mfanyakazi wa meneja. Awe mtu wa nje anayelipwa kwa idadi, na orodha yake aitume kwako moja kwa moja. Ukiona wiki hiyo daftari lina usiku 14 wa vyumba vya watu wawili na dobi kaosha shuka 38, kuna vyumba 5 vya kuulizia. Wageni wanaokaa usiku kadhaa hawabadilishiwi kila siku, kwa hiyo weka kanuni moja, mfano kila usiku wa tatu, uishike hiyo hiyo ili hesabu isikosee. Shahidi wa pili ni tokeni za umeme: nunua wewe kwa simu kutoka huko uliko, utajua kila uniti. Wa tatu ni mayai. Trei ina mayai 30, mgeni anakula mawili. Usimtuhumu mtu kwa shahidi mmoja. Shuka inaweza kuchafuka. Vikikubaliana vyote vitatu ndipo uulize.

Pesa: till iwe ya kampuni, namba inayopokea ujumbe iwe yako, na pesa ziende benki. Ukutani pa mapokezi kuwe na kibao chenye namba ya till na maneno kwamba kila mgeni apewe risiti. Meneja asiwe na uwezo wa kutoa. Mpe pesa za matumizi kwa wiki, tuseme KSh 15,000, na wiki ijayo umjazie kiasi alicholeta risiti tu. Keshi ya wageni inaingizwa kwenye till kwa wakala siku hiyohiyo, haichanganywi na ya matumizi. Ikichanganywa mara moja haitenganishiki tena.

Kila usiku saa 3 picha nne kwenye WhatsApp: ukurasa wa daftari la leo, mita ya umeme, kipimo cha tangi la maji, na ubao wa funguo. Funguo zisizokuwepo ubaoni ni vyumba vyenye watu. Inachukua dakika tano na mtu akizoea haoni kama ni kupelelezwa.

Halafu kalenda. Ukiuza chumba kimoja kwenye mitandao miwili kwa kuunganisha kalenda za kawaida, moja hujua ya mwenzake baada ya saa kadhaa, si papo hapo. Desemba hiyo inatosha kuuza chumba mara mbili. Tumia programu inayooanisha kwa wakati uleule, au weka kila mtandao vyumba vyake. Andika mapatano na gesti jirani ya kupokeana wageni kabla msimu haujaanza, kwa sababu mgeni aliyeshuka gati saa 11 jioni na mizigo huwezi kumtafutia chumba kutoka Oman.

Langoni_Kwetu

Nakubali yote ila naongeza moja: meneja apewe fungu. Mshahara wa kawaida pamoja na asilimia 5 ya mauzo yaliyoingia kwenye till. Chumba cha kimya kinamnyima fungu lake pia.

BintiShela

Fungu zuri, lakini lisiwe la mauzo, ami. Meneja wa asilimia ya mauzo atashusha bei ajaze vyumba, na chumba cha KSh 3,500 Agosti kinachukua nafasi ya mgeni wa 8,000. Halafu piga hesabu: asilimia 5 ya 6,500 ni 325, na chumba cha kimya kinampa zote 6,500. Fungu hilo halimzuii mwenye nia. Mpe fungu la kinachobaki baada ya gharama, kila miezi mitatu, umwekee bei ya chini isiyoshuka bila ruhusa. Na wageni walioandika maoni mema kwa jina la mfanyakazi, mfanyakazi huyo apate kitu chake papo hapo.

Langoni_Kwetu

Hapo sawa. Na asiwe shemeji wala binamu, nyumba itavunjika pamoja na undugu.

Kibali_Kwanza

Leseni zisisahaulike. Kibali cha biashara cha kaunti, leseni ya TRA (mamlaka ya kusimamia utalii) chini ya sheria ya utalii ya 2011, cheti cha usafi na cha kuzima moto, vyeti vya afya vya wanaogusa chakula (vinafanywa upya kila miezi 6, na ndivyo vinavyonaswa zaidi kwenye ukaguzi), bima ya wafanyakazi kuumia kazini. Ushuru wa utalii unalipwa kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. PAYE (kodi ya mishahara) na makato ya wafanyakazi kabla ya tarehe 9. Makato ya SHIF (bima ya afya ya serikali) ni asilimia 2.75 ya mshahara, na ya mpango wa serikali wa nyumba nafuu asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwako. Ankara zote kupitia eTIMS, mfumo wa mamlaka ya ushuru. Mpe mhasibu wa Lamu au Malindi kazi hii kwa malipo ya mwezi, na yeye na meneja wasiwe na uhusiano.

Kuna moja ambalo wengi wamelisahau. Biashara ndogo nyingi zimesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini biashara za hoteli zimetajwa kwa jina: unajisajili hata ukiwa na vyumba viwili. Picha za pasipoti za wageni zisizurure kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Daftari la wageni ni lazima kisheria; picha ya pasipoti kwenye simu ya mpishi si lazima hata kidogo.

Kama mwenzako katika biashara ni raia wa nje, asije akakaa mapokezi "kusaidia". Hiyo ni kazi, inataka kibali, na kibali cha mwekezaji kinadai mtaji wa dola 100,000 za Marekani.

Mei na Juni ndiyo miezi ya likizo ya mwaka ya wafanyakazi. Siku 21 za sheria wazimalize hapo, badala ya kuwaachisha na kuwatafuta tena Julai.

Sheria_Mkononi

Nirudi kwenye mkataba kwa jambo ambalo Lamu haiwezi kuachwa nje: miezi ambayo mji unafungwa bila kosa la mtu. Baada ya utekaji wa 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni 2014, serikali za nje zilitoa maonyo ya safari na Lamu ikawekewa kafyu. Vyumba vikabaki tupu huku kodi ikidaiwa. 2020 ndege za kimataifa zilisimama kuanzia Machi 25 hadi Agosti 1. Onyo la safari lina ubaya wake maalumu: mara nyingi bima ya mgeni haifanyi kazi penye onyo, kwa hiyo hata asiyeogopa anaahirisha. Na onyo linatofautisha kisiwa na bara. Soma linavyosema hasa, umtumie mgeni maneno hayo.

Andika kifungu: kukiwa na kafyu, amri ya kufunga, au kusimama kwa safari za ndege za Manda (uwanja wa ndege wa Lamu) kwa zaidi ya siku 14, kodi inashuka hadi nusu, na baada ya siku 90 mpangaji anaweza kuondoka bila faini. Mwenye nyumba atabishana. Mpe kitu badala yake, kwa mfano kodi ya miezi mitatu mbele. Bima ya kawaida ya moto haibebi ghasia na ugaidi. Hiyo inanunuliwa kando, na paa la makuti linaongeza bei yake.

BintiShela

Kwenye ukurasa wa gesti waambieni wageni mambo kama yalivyo: adhana ya alfajiri inasikika kila chumba, magari hayaingii vichochoroni, mizigo inabebwa, njia ina punda, mavazi ya mitaani ni ya stara. Anayeyajua mapema hatoi nyota mbili. Mashua ya kuwapokea Manda iwe ya nahodha mmoja mliyepatana bei ya msimu, yenye maboya ya kutosha. Bamvua likikupwa, mashua haifiki kila gati, mgeni anashuka kwenye maji. Wekeni jedwali la maji pale mapokezi.

Maji ya kuoga hesabuni lita 150 kwa mgeni kwa usiku. Nyumba ikijaa watu 16 ni lita 2,400 kwa siku. Bomba likikauka hakuna lori la maji litakaloingia Mkomani. Ni madumu ya lita 20 juu ya punda, 120 kwa siku moja. Tangi mbili za lita 5,000 ndizo zitakazowapa siku nne za kupumua, lakini moja ikijaa ina uzito wa tani 5. Zisipandishwe juu ya sakafu ya boriti. Zikae uani, na juu liwekwe tangi dogo la kujazwa kwa pampu.

Mkaazi_wa_Nje

Mwenyezi Mungu awalipe. Limebaki la kilemba cha 1,500,000, na mkataba uanze lini.

Hesabu_Safi

Kilemba kigawe vipande. Samani na mashine: ziorodheshwe moja moja kwa hali yake, jenereta iwashwe na ibebe mzigo nusu saa, friji ziachwe usiku mmoja. Lipa bei ya mtumba wa Lamu, si ya risiti. Ukurasa wa Booking.com: maoni na nyota vimefungwa kwenye akaunti ya aliyeifungua, kwa hiyo pata kwanza jibu la maandishi la kampuni yenyewe kama vitahamia kwako. Visipohama, kipande hicho thamani yake ni sifuri.

Chungulia pia wageni waliokwisha lipa mbele. Kama amechukua amana za Agosti, wageni watakuja kwako na pesa ziko kwake. Orodha ya bukingi zote zijazo na amana zake ikatwe kwenye kilemba. Deni la umeme na la maji kwenye mita za nyumba nalo likatwe. Nusu ilipwe siku ya kukabidhiana, nusu nyingine akaunti ya benki ya kampuni yako ikishaonekana kwenye ukurasa na malipo ya kwanza ya wageni yakaingia.

Fundi_Chokaa

Mkataba uanze Aprili, na ile miezi 3 inayozidi miaka 5 ombeni iwe ya matengenezo bila kodi. Aprili na Mei zifanywe kazi za ndani: mabomba, nyaya, boriti, kung'oa saruji ukutani. Mvua ikipungua Juni ndipo chokaa na makuti. Vyumba vifunguliwe katikati ya Julai, na viwili vya ghorofa ya chini viachwe hadi Septemba, kwa sababu kuta za chini ndizo za mwisho kukauka na mgeni wa kwanza kulala penye harufu ya unyevu atakuandikia hivyo.